Nani Amemwamsha Ganesh?

Katika senta nzima ya Kaptolil hakukuwa na askari mwenye pua kali kama Koplo Wilkista Amolo. Kesi akiinusa, imenuswa. Ni kweli askari wa kituo kile walikuwa watatu tu, na mmoja wao alikuwa na mafua yasiyoisha, na mwingine alikuwa bosi, na bosi hanusi, bosi hunuswa. Tena kesi mbili alizowahi kuzimaliza Koplo zote zilikuwa za mbuzi, na mbuzi mmoja alirudi nyumbani mwenyewe. Lakini pua ni pua.

Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Septemba 1995, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Bhanubhai Vaghela alivua viatu kwenye mlango wa hekalu la Wahindi lililo juu ya kilima. Mlinzi wake, Mageto, alimfungulia kufuli. Mzee akaingia, akapiga kengele mara tatu, akavuta pazia amwamshe mungu wake. Nyuma ya pazia palikuwa na jiwe tupu la kukalia. Ganesh, yule mwenye kichwa cha ndovu, hayupo.

Mageto alisema baadaye kwamba mzee hakupiga kelele. Alirudisha pazia polepole, akangoja kidogo, akalivuta tena, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa.

Saa moja kamili Inspekta, bosi wa kituo, alikuwa amemtia Mageto pingu.

"Kufuli halijavunjwa," Inspekta alisema. "Ufunguo anao nani? Mageto. Usiku alikuwa hapa nani? Mageto. Na angalia hapa nyuma ya jiwe: majani ya chai. Anayeshinda kutwa akichuma chai ni nani?"

"Mageto," alisema askari wa mafua, akapiga chafya.

"Land Rover ya Kericho inakuja saa tisa mchana. Ataenda nayo. Kesi imeisha."

Koplo Wilkista alisogea ukingoni. Aliangalia chini ya kilima, ambapo vijana sita saba walikuwa wameshakaa juu ya kalvati la barabarani bila kazi yoyote, mawe yamepangwa miguuni mwao. Mageto alikuwa ametoka Kisii, akiishi na mke wake Mellen na watoto watatu katika nyumba ya mabati nyuma ya hekalu. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu watu wa pande hizi wafukuzane kwa mishale, na kuna nyumba ambazo majivu yake yalikuwa hayajaota nyasi. Mtu wa kutoka nje akipelekwa Kericho na jina la mwizi wa hekalu, mke wake hangelala katika nyumba ile hata siku moja. Na hiyo nyumba nayo pengine isingelala.

"Afande," Koplo alisema, "nipe mpaka hiyo saa tisa."

"Ya nini?"

"Ya kunusa tu."

Inspekta alicheka. "Haya, nusa. Lakini saa tisa ni saa tisa."

* * *

Kwanza alimketisha Mzee Bhanubhai kwenye ngazi. Mzee huyu alikuwa Mhindi wa mwisho kubaki Kaptolil. Baba yake ndiye aliyejenga hekalu mwaka wa 1936. Sanamu ilikuja kwa meli, ikapanda treni hadi stesheni ya Lumbwa, ikapakiwa kwenye gari la ng'ombe kuelekea Kericho mjini. Walipofika kilima hiki ng'ombe walilala chini. Walichapwa, wakaimbiwa, wakanyimwa maji, wakapewa maji. Hawakuamka. Siku ya tatu baba yake Bhanubhai akasema, basi, mwenye safari ameshafika. Wakajenga hapo hapo.

"Mzee," Koplo alianza, "mungu wako ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana."

"Jana saa ngapi? Kwa macho yako, si kwa imani."

Mzee alifikiri. "Saa sita mchana. Nilimpa chakula, nikafunga pazia. Saa sita analala. Wewe ukishiba hulali?"

"Mimi ni askari, mzee, mimi silali wala sishibi. Anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi. Mimi ndiye namwamsha."

"Na jana saa kumi ulimwamsha?"

Mzee Bhanubhai aliangalia miguu yake. "Jana sikumwamsha. Saa saba nilienda Kericho kwa daktari wa macho. Gari lilichelewa, nikarudi giza limeingia. Mungu aliyelala mpaka giza huwezi kumwamsha umwambie jua limezama. Unamwacha mpaka asubuhi."

"Kwa hiyo kutoka saa sita ya jana mpaka leo asubuhi, hakuna mtu aliyeangalia nyuma ya pazia."

"Nani aangalie? Mageto? Mageto ni mtu wa kanisa. Hata akifagia karibu na pazia lile, anafagia amegeuza uso."

"Na mlango, mchana?"

"Komeo tu. Kufuli anatia Mageto akirudi kutoka kwa chai, saa kumi na mbili jioni."

Koplo alisimama. Kwa hiyo Mageto alikuwa amefunga kufuli kwa uangalifu mkubwa, akazunguka usiku kucha na rungu lake, akilinda jiwe tupu.

Alikwenda kwa wachumaji wa chai wa kilimani, akauliza mmoja mmoja. Wote walisema neno moja. Ijumaa Mageto alikuwa kwenye mstari wake tangu saa moja asubuhi, hakutoka hata kula, kikapu chake cha mwisho kilipimwa saa kumi na moja na nusu.

Inspekta alipoambiwa alikuna kidevu. "Wachumaji wanapendana," alisema. "Niletee mtu mwingine, nimwachilie huyu. Bila mtu, pingu hizi zitafungwa kwa nani?"

* * *

Mtu mwingine alipatikana saa tatu, na alipatikana na sururu.

Jina lake Kiplimo, kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye bidii katika mambo yote yasiyo kazi. Hadithi ya pili ya hekalu ilisema kwamba wajenzi walizika chungu cha dhahabu chini ya miguu ya mungu. Mzee Bhanubhai alikuwa ameieleza senta nzima miaka arobaini kwamba chungu kile kilikuwa na mchele, maua na kipande cha shaba, na kila alipoeleza dhahabu iliongezeka.

"Sururu ya nini, Kiplimo?"

"Ya viazi, madam."

"Viazi vinachimbwa kwa sururu?"

"Ni viazi vya mawe, madam."

"Kiplimo."

"Sawa, madam. Nilichimba. Lakini ilikuwa Alhamisi! Ile siku ya maziwa."

Alhamisi ile kila mtu aliikumbuka. Redio ilikuwa imetangaza kwamba dunia nzima sanamu za Ganesh zinakunywa maziwa, na Kaptolil yote ikapanda kilimani na vijiko. Wengine walisema wameona akinywa, wengine wakasema kijiko kilikuwa na mtetemo. Chifu alikuja na kibuyu cha mursik, Mzee Bhanubhai akamwomba kwa heshima arudi nacho, kwa sababu mungu wake hakuzoea maziwa yenye mkaa.

"Watu walikuwa mbele wakinywesha," Kiplimo alisema, "mimi nyuma nikichimba. Nje, si ndani. Mashimo mawili."

"Ukapata nini?"

"Chupa ya soda."

Koplo aliingia hekaluni kuhakikisha. Sakafu chini ya jiwe haikuguswa. Kengele ya shaba ilikuwepo, sinia la fedha lilikuwepo. Mtu aliyeingia hapa hakutaka dhahabu, hakutaka fedha wala shaba. Alimtaka mungu mwenyewe.

Alirudi nje akamrudishia Kiplimo sururu. Huko chini kwenye kalvati vijana walikuwa wamefika kumi na tano.

* * *

Saa nne alikaa jikoni kwa Mellen. Watoto walikuwa kitandani wamevaa viatu, mzigo mmoja umefungwa kwa leso karibu na mlango. Koplo aliuona, akajifanya hakuuona.

Alitandaza kitambaa mezani. Ndani yake mlikuwa na yale majani ya chai. Koplo alikuwa mtu wa ziwani. Ungemletea mgongo wa samaki ngege angekwambia alivuliwa siku gani na nani, lakini chai aliijua tu ikiwa ndani ya kikombe.

"Mama, haya majani yanasema nini?"

Mellen hakugusa kwanza. "Afande, wanasema ni ya bwanangu."

"Nakuuliza wewe, siwaulizi wao."

Basi Mellen akayashika, kwa sababu mikono ya mtu ikipata kazi yake husahau hofu. "Haya hayakuchumwa," alisema. "Yamenyakuliwa. Anayechuma anachukua majani mawili na chipukizi. Ona hili tawi: majani matano na kijiti. Karani wa kupima angelitupa barabarani. Mageto akichuma hivi namrudisha kwao Kisii kwa miguu."

"Mtu anaweza kunyakua hivi kwa nini?"

"Kufunika kitu haraka. Siku ya kuchuma kila mtu ana kikapu mgongoni. Ukiweka majani juu, nani atakuuliza chini kuna nini?"

Koplo alipiga picha kichwani. Mchana kweupe, barabara imejaa watu wa vikapu, na mungu amepita katikati yao amejifunika majani, pengine akisalimiwa.

"Halafu ona," Mellen aliendelea. Aliinua jani dirishani, mwanga ukapita kwenye matundu na michirizi ya kahawia. "Hii ni mvua ya mawe. Imepigwa kama mwezi hivi umepita. Huku kilimani hatuna jani la namna hii. Hata moja."

"Kwa nini?"

Mellen alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Si kwa sababu ya yule wa hekalu? Wewe ni mgeni. Tangu alipoletwa, mvua ya mawe haijawahi kuanguka kilimani. Inapiga Chepseon, inapiga Kabianga, inapiga ng'ambo ya kijito pale chini mpaka watu wanalia. Ikifika kijitoni inageuka. Mimi sisali kwake, Afande. Lakini chai yangu nachuma hapa."

Koplo Wilkista alikunja kitambaa chake polepole. Kumbe swali lilikuwa nani anahitaji mungu wa kuzuia mawe.

* * *

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mashamba mawili tu ya chai. La kwanza la mjane Chepchirchir, na Koplo hakuhitaji hata kubisha hodi: chai yote ilikuwa imepogolewa Julai, shamba lilikuwa vijiti vitupu kama kitana. Hapo mtu hawezi kunyakua jani hata akilipwa.

La pili lilikuwa la Johana arap Tonui, mzee wa kanisa. Majani yake yalikuwa yametobolewa kama yamepigwa risasi. Mwenyewe hakuwepo. Ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko Johana huhubiri.

Inspekta aliposikia jina hilo alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Johana? Anayesimama sokoni kila wiki kusema sanamu ile itupwe mtoni? Wilkista, utaniambia simba ameiba nyasi!"

"Nipe ruhusa nipekue shamba lake, Afande."

"Ekari mbili za chai, kichaka kwa kichaka, shamba la mzee wa kanisa, kwa sababu ya jani lenye tundu? Nenda ukanywe chai. Imebaki saa mbili na nusu."

Basi akaenda kunywa chai, maana amri ni amri.

* * *

Saa saba mchana, hoteli ya Rebeccah ilikuwa imejaa. Johana arap Tonui alikuwa amemaliza kuhubiri, ameketi mezani na andazi mkononi, suruali yake ya kanisa imepigwa pasi. Mke wake, Rodah, aliuza kabichi mlangoni.

"Mungu gani anaibiwa?" Johana alikuwa akiuliza hoteli nzima. "Mungu wa kweli haingii kwa kikapu!"

Koplo aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Hakuna mtu katika senta aliyekuwa ametaja kikapu, ila yeye na Mellen, jikoni. Lakini neno moja la hotelini si ushahidi. Neno mtu hulimeza akalishushia maji.

Mzee Bhanubhai aliingia, kama walivyopatana. Walikuwa wamebishana kwa muda nyuma ya hekalu, kwa sababu mzee alikataa katakata kusema uongo juu ya mungu wake. Walikubaliana aseme ukweli tu, na pale ukweli utakapoishia, Koplo amalizie.

"Mzee Bhanubhai," Koplo aliita kwa sauti ya kituoni, "nieleze kitu. Huyu mungu wenu, mtu akimhamisha hivi hivi, inakuwaje?"

Vikombe vikatua mezani.

"Haifai," mzee alisema. "Lazima kwanza aombwe ruhusa, kwa maombi yake. Asipoombwa, anakasirika."

"Akikasirika hufanya nini?"

"Hiyo mimi sijui."

"Pengine," Koplo alisema, akikoroga chai isiyohitaji kukorogwa, "kile alichokuwa anakifukuza, sasa atakiita."

Hakuna aliyecheka. Nje, juu ya milima ya Londiani, wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini na kijani kidogo pembeni, rangi ambayo kila mkulima wa chai anaijua na hapendi kuitaja. Ngurumo ikapita mbali. Johana aliweka andazi chini, nusu yake bado haijaliwa, na katika miaka yote Rebeccah hakuwahi kumwona akiacha andazi.

"Nimekumbuka ng'ombe," Johana alisema, akatoka.

Koplo alihesabu mpaka hamsini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuona kwamba Rodah naye alikuwa ameacha kabichi zake. Rodah alikuwa na mashaka yake ya siku nyingi kuhusu safari za mumewe za ng'ambo ya kijito, na mashaka hayo hayakuwa na mkonga, yalikuwa na jina la Chepchirchir, mjane wa shamba la jirani.

* * *

Koplo alisimama chini ya mti kando ya daraja la kijito, njia ya kurudi kilimani. Saa nane ikapita. Wingu lilishuka mpaka mashamba yakawa meusi. Saa nane na nusu akasikia gari: Land Rover imekuja mapema. Ilikuwa inateremka kutoka kituoni kuelekea Kericho, Inspekta mbele, Mageto nyuma kwenye pingu, na vijana wa kalvati wakiikimbilia na mawe mikononi.

Na kutoka upande wa pili, akitoka shambani mbio, kikapu mgongoni, alikuja Johana arap Tonui. Mawe ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga daraja, moja, moja, kama mtu anayejaribu mlango.

Koplo aliruka katikati ya daraja. Land Rover ikafunga breki. Johana naye akasimama.

"Simama hapo hapo, mzee. Kikapuni kuna nini?"

"Viazi," Johana alisema.

"Viazi vya wapi?"

"Vya… vya Londiani."

Koplo aliondoa majani ya juu. Mkonga wa jiwe jeupe ulichomoza, umejikunja vizuri, hauna hata mkwaruzo.

"Hiki kiazi kina pua kuliko mimi," Koplo alisema.

Vijana walisimama. Mmoja aliachia jiwe lake taratibu, likaanguka karibu na mguu wake, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Inspekta alishuka kwenye gari, akatazama mkonga, akamtazama mzee wa kanisa, akavua kofia akaivaa tena.

"Arap Tonui," alisema. "Wewe?"

Johana aliteremsha kikapu kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. "Mara tatu mwaka huu," alisema. "Machi, Mei, Agosti. Kutoka kijito hiki kwenda juu, kimya. Kwangu, mawe. Niliomba. Nilifunga siku saba. Nikamwita mchungaji aje aombee shamba, ikanyesha mchungaji akiwa ndani ya shamba. Alimalizia sala chini ya karai."

"Ndiyo ukaiba?"

"Alhamisi nilimwona kwa macho yangu akinywa maziwa. Nikasema, anayekunywa maziwa si mgeni wetu, ni mtu wa huku. Nikamwazima tu, Inspekta. Mpaka Novemba, mavuno yapite. Ijumaa saa nane, mzee amesafiri, mungu amelala. Kikapu nilikuwa nacho tayari, na majani yangu ya kumfunika."

"Na leo ulikuwa unampeleka wapi?" Koplo aliuliza.

"Kwake. Juu. Kabla hajakasirika zaidi."

Mzee Bhanubhai alikuwa amefika, akihema, viatu mkononi. Hakumtazama mwizi. Alichuchumaa kando ya kikapu katikati ya mvua, akatandaza koti lake juu ya kichwa cha jiwe, akaanza kunong'ona kwa lugha ya kwao.

Inspekta alimfungua Mageto pingu bila kumtazama usoni. Mageto alishuka. Alijisugua mikono, akatembea mpaka mbele ya Johana. Walikuwa majirani miaka kumi na moja, waliwahi kuzika pamoja, waliwahi kukopeshana panga.

"Mzee Johana," Mageto alisema. "Nataka kuuliza moja tu. Watoto wangu wameamka leo wakavaa viatu wakakaa kitandani wakingoja kukimbia. Wewe ulijua nimeshikwa?"

"Mimi?" Johana aliinua mkono juu. "Mageto, ndugu yangu, sikujua. Haki ya Mungu, ningejua ningekuja mbio kusema. Nimesikia sasa hivi tu, hapa darajani."

Rodah alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, sahani ya kupimia kabichi kichwani kama mwavuli, mvua ikilia juu yake.

"Baba Chepkirui," alimwambia mumewe, "asubuhi saa tatu, ulipoombea chai mezani, ulisema, 'Bwana, umkumbuke Mageto katika pingu zake.' Na mimi nikaitikia amina."